Tiketi ni Yako, Uwanja ni wa Mwenyeji



Sisi tunaokaa Neasden hatuhitaji kalenda kujua kama leo kuna mechi Wembley. Ukifika stesheni tu utaona. Kutoka Neasden mpaka Wembley Park ni kituo kimoja kwa treni ya Jubilee, na uwanja wenyewe unachukua watu 90,000. Siku hiyo treni inapita imejaa jezi na skafu, na wewe umesimama na begi lako la kazi, umebanwa mlangoni, unaelekea kwa bosi kulea watoto au unarudi kutoka saiti na vumbi la saruji kwenye viatu. Ni kawaida kabisa kujiuliza: na mimi nitaingia lini humo ndani?

Mwenzetu mmoja, fundi rangi, alijiuliza hivyo kwa miaka miwili. Siku moja akaamua. Alishuka Wembley Park bila tiketi. Jamaa akamsogelea, anaongea kwa upole, eti anayo moja tu, rafiki yake kaumwa ghafla. Pauni 150, taslimu. Mwenzetu akatoa. Kwenye geti mashine ikaikataa tiketi. Akageuka kumtafuta jamaa, kapotea. Hapo hasira zikampanda, akaamua kumganda mtu mgongoni ili geti likifunguka wapite wote wawili. Wasimamizi wakamshika, wakamtoa nje. Bahati yake, siku hiyo aliishia kuambiwa aende nyumbani. Usiku alipotusimulia alianza kwa kucheka, halafu akanyamaza. Zile pauni 150 zilikuwa ada ya shule ya mdogo wake. Alikuwa azitume Jumatatu.

Hapa tumeshaandika sana kuhusu gharama za kutuma hela, viwango vya kubadilisha pesa na vikundi vya kuweka akiba. Leo tunasema jambo ambalo kwa maoni yetu linaweza kula akiba yako kuliko wakala yeyote wa kutuma pesa: kosa la dakika mbili katika nchi ya watu, siku ambayo kila mtu amechangamka na wewe umejisahau.

Mbona wenyeji wenyewe hawafuati?

Tukiongea hivi kuna wanaotujibu: mbona mnatuhubiria sisi? Na hoja wanayo. Tarehe 11 Julai 2021, fainali ya Euro 2020 kati ya England na Italia ilichezwa hapa hapa Wembley. Watu wapatao 2,000 waliingia bila tiketi. Wengine waliwaganda wenye tiketi mgongoni, wengine walivamia milango iliyotengwa kwa watu wenye ulemavu. Ripoti ya Baroness Louise Casey, iliyotoka Desemba mwaka huo, ilieleza jinsi watu walivyokaribia kufa siku ile. UEFA iliipiga FA ya England faini ya euro 100,000 na kuamuru timu icheze mechi bila mashabiki. Na usiku ule ule wachezaji weusi watatu waliokosa penalti, Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka, walitukanwa mtandaoni kwa sababu ya rangi yao.

Kwa hiyo wala hatusemi mwenyeji ni malaika. Tunachosema ni kwamba kosa ni moja ila bei ni mbili. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe: katikati ya kuku wote, ndiye anayeonekana kwanza. Mwenyeji akikamatwa analipa faini, anarudi kwake, keshokutwa yuko kazini. Wewe unalipa faini ile ile, halafu inakuja fomu ya viza. Fomu za Uingereza zinauliza kuhusu hukumu ulizowahi kupata, na maonyo rasmi ya polisi pia. Ukisema ukweli, suala linachunguzwa. Ukificha, uongo wenyewe unaweza kukukosesha viza. Bado hatujamtaja mwajiri. Na bado hatujataja watu watano nyumbani wanaosubiri meseji ya mwisho wa mwezi.

Sheria zenyewe ni zipi?

Wengi wetu tunakosea kwa kutojua tu. Tuziseme wazi zile zinazotugusa.

Kuuza tena tiketi za mpira wa miguu bila idhini ni kosa la jinai hapa England tangu sheria ya mwaka 1994. Huyo mlanguzi anayekunong'oneza nje ya stesheni ni mhalifu, na wewe ukishampa hela taslimu huna pa kuzidai. Ukiwa na tiketi mbili na rafiki hakuja, usisimame barabarani kuiuza ile ya pili, hata kwa bei uliyonunulia. Irudishe kupitia njia rasmi ya klabu au ya waandaaji.

Kuingia uwanjani wakati wa mechi, kurusha kitu na kuimba matusi ya ubaguzi wa rangi ni makosa chini ya sheria ya mwaka 1991, na faini yake inafika pauni 1,000. Mahakama inaweza pia kukupiga marufuku ya viwanja kwa miaka 3 hadi 10. Tangu mwaka 2022 marufuku hiyo inaweza kumkuta hata anayemtukana mchezaji kwa ubaguzi mtandaoni. Kwa hiyo simu yako nayo iko ndani ya uwanja.

Pombe je? Kwenye mechi za mpira huku, sheria ya mwaka 1985 inakataza kunywa ukiwa mahali unapoona uwanja. Kwenye treni na mabasi ya London, kubeba chupa au kopo la pombe lililofunguliwa kumekatazwa tangu Juni 2008. Utawaona watu wanakunywa tu, wala hawajali. Rudi kwenye yule kuku mweupe.

Halafu kuna nauli, na hapa tunaomba msikilize vizuri maana wengi wetu tumeponea hapo. Siku ya mechi mageti yanafunguliwa, watu wanapita kwa wingi, unashawishika usigonge kadi. Faini ya kusafiri bila nauli halali ni pauni 100, nusu yake ukilipa ndani ya siku 21. Hiyo ni ya kawaida. Ukikutwa unatumia kadi ya nafuu ya mtu mwingine, kama ile ya wazee, unaweza kufikishwa mahakamani ukatoka na rekodi ya kosa. Rekodi, kwa sababu ya nauli ya kituo kimoja kutoka Neasden!

Na mwenye gari asisahau mitaa inayozunguka Wembley. Siku ya tukio maegesho yanakuwa ya wenye kibali tu, na vibao vya Halmashauri ya Brent vinaonyesha tarehe. Soma kibao kabla hujazima injini.

Kibarua cha siku ya mechi

Hili ndilo linalotuuma zaidi. Siku ya tukio kubwa kazi za haraka zinakuwa nyingi: kuuza skafu barabarani, kufagia, kubeba makreti, kusimamia foleni. Mtu anakupigia, anasema njoo na shati jeusi, unalipwa jioni mkononi. Wengine wanaambiwa watumie kitambulisho cha mwenzao, manake picha zinafanana.

Dada aliyekuja na viza ya mfanyakazi wa nyumbani anaruhusiwa kazi za nyumbani tu. Kibarua cha uwanjani, hata cha saa nne, ni kuvunja masharti ya viza. Tangu sheria ya uhamiaji ya mwaka 2016, kufanya kazi bila ruhusa ni kosa la jinai, na mshahara uliotokana nayo unaweza kutaifishwa. Fikirieni hilo ninyi mnaobana shilingi: umetoa jasho, umepokea, halafu hela inachukuliwa na bado unashtakiwa. Kuuza bidhaa barabarani nako kunahitaji leseni ya halmashauri. Ukisimama na skafu zako mkononi bila leseni, mali inaweza kuondoka na wewe ukabaki na kesi.

Tunajua kwa nini watu wanakubali. Nyumbani mama kalazwa, paa linavuja, hela haitoshi. Hatumcheki mtu. Lakini kama unataka kibarua, angalia kwanza viza yako inasema nini, tumia jina lako mwenyewe, na upewe karatasi ya malipo. Kazi inayohitaji jina la mtu mwingine ikatae. Hela yake si ya kupangia ada ya mtoto.

Mambo yasiyoandikwa

Sheria zimeandikwa, mila hazijaandikwa, na mara nyingi mila ndizo zinazotuaibisha. Huku foleni ni kama ibada. Ukiikata, hakuna atakayekupiga, lakini watakuangalia mpaka utamani kurudi nyuma. Kwenye ngazi za umeme simama kulia, kushoto ni kwa wenye haraka. Treni ikifika, waache washuke kwanza. Ukitoka mechi usiku, nyumba za mtaa huu zimeshikana ukuta kwa ukuta, na ndani kuna watoto wamelala na watu wanaoamka saa kumi alfajiri kama wewe. Ushindi usherehekewe, ila ukifika mtaani punguza sauti.

Na kuhusu lugha, tuwape kisa. Tulikuwa tunarudi wengi kwenye treni, timu yetu imeshinda, kelele juu. Mzee mmoja wa Kihindi alikaa pembeni na mfuko wake wa mboga. Kijana wetu akatoa maneno kuhusu yule mzee, kwa Kiswahili, akijua hakuna wa kumwelewa. Wengine wakacheka. Treni ilipofika Neasden mzee akasimama, akasema taratibu: "Mwanangu, mimi nimezaliwa Nairobi. Mama yako alikufundisha kusalimia wazee hivyo?" Akashuka. Kijana alitamani ardhi ipasuke, na sisi tuliocheka tukawa tunaangalia viatu vyetu.

Mtu anayeijua Neasden hapaswi kushangaa. Hekalu kubwa la Kihindu la Swaminarayan, lililofunguliwa hapa mwaka 1995, lina waumini wengi ambao familia zao zilitoka Kenya, Uganda na Tanzania. Wako waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Kiswahili chao wengine ni kizuri kuliko cha watoto wetu tuliowazaa huku. Ukidhani lugha yako ni pazia, jua pazia hilo lina matundu. Zaidi ya hapo, tusi ni tusi hata kama hakuna anayelielewa. Tunalia tukiitwa majina kwa rangi yetu, basi na sisi tuanze na midomo yetu.

Heshima si kufumba macho yote

Sasa tufike kwenye hoja yetu kubwa. Methali inasema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Tunaikubali. Lakini methali imesema fumba jicho moja. La pili liache wazi, utalihitaji.

Tunasema hivyo kwa sababu neno heshima limeshageuzwa kamba ya kutufungia. Kila majira ya joto kuna familia zinazokuja London kutoka Ghuba kwa mapumziko na michezo, na zinakuja na dada zetu. Dada anaambiwa: huku desturi ni hivi, pasipoti nakaa nayo mimi, siku ya mapumziko hakuna, usiongee na watu. Hiyo si desturi ya Uingereza na wala si sheria yake. Mwajiri hana haki ya kukunyang'anya pasipoti. Dada mwenye viza ya mfanyakazi wa nyumbani anaweza kubadilisha mwajiri ndani ya muda wa viza yake, japo viza yenyewe ni ya miezi sita na kwa kawaida haiongezwi. Na ule mwanya uliowaruhusu waajiri kutolipa kima cha chini kwa anayelala nyumbani kwao ulifungwa Aprili 2024.

Sheria ya mwenyeji ina pande mbili, wa kukubana na wa kukulinda. Ukiujua wa kukubana peke yake, ni sawa na kulipa gharama nzima ya kutuma mzigo ukafika nusu.

Hata polisi wakikukamata, upande wa pili upo. Kituoni una haki ya wakili bila malipo na mkalimani bila malipo. Omba vyote viwili kabla hujajibu maswali. Ukipewa onyo rasmi usaini uende zako, usikimbilie kusaini kwa sababu umechoka na kesho una zamu. Kusaini ni kukubali kosa, na kunaingia kwenye rekodi. Ongea na wakili kwanza.

Kwa ndugu zetu wa Ghuba

Wasomaji wetu wengi wako Doha, Dubai, Riyadh na Muscat, kwa hiyo msichukue ya Neasden mkayavaa huko. Mnakumbuka Kombe la Dunia Qatar 2022: siku mbili tu kabla ya kuanza, waandaaji walitangaza kuwa bia haitauzwa kwenye viwanja. Mashabiki wa Ulaya walilalamika, lakini nchi ilikuwa ya wenyewe na mechi zikachezwa. Huko, kumpiga mtu picha bila ruhusa yake kunaweza kukuingiza matatani, na mwezi wa Ramadhani kula hadharani mchana si jambo dogo. Uliza kabla hujafanya.

Ila na huko jicho la pili liwe wazi. Wengi waliojenga na kulinda viwanja vile walikuwa wahamiaji, wakiwemo Wakenya na Waganda. Mlinzi mmoja Mkenya, Malcolm Bidali, aliyekuwa akiandika mtandaoni kuhusu maisha ya wafanyakazi, alikamatwa Mei 2021, na baadaye akatozwa faini ya riyali 25,000. Kwa maoni yetu, kueleza jinsi unavyolala na unavyolipwa si kukosa heshima. Lakini kisa chake kinatufundisha kwamba sheria za mtandao za nchi uliyopo lazima uzijue kabla hujabonyeza, na kwamba malalamiko ya mshahara yapitie kwanza njia inayoweza kukulinda: ofisi ya kazi, ubalozi, au watu wanaotetea wahamiaji. Weka nakala za mkataba na risiti za mshahara. Hizo nazo ni akiba.

Na sisi tutakuwa wenyeji

Mwisho, tusijifanye tunayajua mambo ya watu tu. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa CHAN pamoja. Tulijivuna huku ugenini, tukaangalia mechi kwenye simu wakati wa mapumziko ya kazi. Lakini Kasarani watu wasio na tiketi walivamia mageti, CAF ikaitoza Kenya faini na kupunguza idadi ya mashabiki hadi 27,000 kwenye mechi dhidi ya Zambia. Ugonjwa ule ule wa Wembley 2021. Nchi hizo hizo tatu zimepewa AFCON ya 2027, na wengi wetu tunapanga likizo ziangukie hapo. Tukifika tusiwe wale wa "mimi natoka London, nipishe." Foleni tuliyoizoea Neasden tuipange na Kasarani.

Mwaka 2028 Euro inakuja tena hapa Visiwani, na fainali itakuwa Wembley. Neno moja mapema: baadhi ya mechi zitachezwa Dublin. Viza ya Uingereza si viza ya Ireland. Mkenya, Mtanzania au Mganda anayesafiri na pasipoti ya nyumbani anahitaji viza nyingine kwenda Dublin, hata kama ndege ni ya saa moja tu. Usinunue tiketi ya mechi kabla hujamaliza hilo.

Ushauri wetu wa fedha ni mfupi. Kama unataka kuona mechi, ifungulie bahasha yake: tiketi kutoka kwa waandaaji, nauli ya kwenda na kurudi, na chakula. Weka pauni kumi kila wiki mpaka itoshe. Hela ya nyumbani itume kabla ya siku ya mechi, ili hata ukikutana na jamaa mpole nje ya stesheni akute mfuko hauna kitu.

Yule mwenzetu fundi rangi ndivyo alivyofanya. Ilimchukua miezi minne. Ada ya mdogo wake ilichelewa muhula ule, na hilo bado halijamtoka moyoni, lakini safari ya pili alipita getini na tiketi yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, na alipowapita wale wasimamizi hakuinamisha kichwa. Hivyo ndivyo tunavyotaka kila mmoja wenu aingie.